Kikombe cha Kwanza ni cha Anayeanza

Nimefundisha watu kunyanyua vyuma kwa zaidi ya miaka thelathini katika sale moja ya mazoezi pale Kamalondo, na mwaka huu, nikiwa na miaka sitini na tisa, nimefeli mtihani wa siku ya kwanza. Mtihani wenyewe ni kukaa chini kwenye mkeka na kusimama bila kushika kitu. Nilijaribia nyumbani: kukaa nilikaa. Kusimama ndiko kulikonishinda, na mke wangu, Mama Odette, alinishika kwapani akaninyanyua kama gunia la unga.

Kwa hiyo nyie vijana mnaoingia sale kwa mara ya kwanza, simu mkononi na viatu vipya miguuni, msidhani anayewaandikia ni bingwa. Ni mtu anayeanza, kama ninyi. Naandika Kiswahili hiki cha shuleni ili hata walio mbali wanielewe, lakini watu wangu wakisema nitawaacha waseme cha kwetu, maana nikiwasahihisha hawatakuwa wao tena.

Nilianguka Kasungami, kwenye bustani yangu ya mboga, nikiruka mfereji ambao Mama Odette huuvuka kwa kutembea tu. Nyonga ikavunjika. Nilipasuliwa, nikawekewa chuma ndani, na mke wangu akasema sasa kweli vyuma vimeniingia. Miezi ikapita, nikawa natembea na gongo moja, na hapo ndipo Papa Sefu alipofariki.

Papa Sefu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mhunzi, Mwislamu, watu wake walitoka Maniema, na sale ilikuwa uani kwake, nyuma ya karakana. Nilipofika kilioni waliniona na gongo langu, wakanihurumia, wakanipa kiti cha plastiki pembeni pamoja na wagonjwa. Wenzangu wote wa sale walikuwa chini kwenye mkeka, magoti yamegusana, na mimi niko juu peke yangu nikiangalia vipara vyao. Iliniuma sana. Mtu aliyenikalisha kwenye mkeka wake miaka yote hiyo, siku ya kumlilia nikakosa nafasi hapo.

Nikajiapia pale pale: kisomo cha arobaini kikifika, nitakaa kwenye mkeka na nitasimama mwenyewe.

Ili mjue kwa nini mkeka uliniuma hivyo, lazima niwaambie sale ilivyokuwa. Haikuwa na mashine wala kioo. Disiki za kunyanyua, Papa Sefu alizichonga mwenyewe kutoka vyuma chakavu, gia za magari makubwa ya mgodini na vipande vya reli. Ukija mara ya kwanza, hakukuonyesha chuma hata kimoja. Alitandika mkeka, akakwambia, "Ikala chini." Ukikaa, "Sasa simama. Mikono ibakie pa kifua."

Wengi walicheka, kisha wakajaribu, kisha wakaacha kucheka. Yeye alikuwa ameegemea mlango anaangalia: goti likiingia ndani, kisigino kikinyanyuka, mgongo ukipinda, pumzi ikizuiwa. Kwa hayo tu alijua akuanzishie wapi. Ukiweka mkono chini ili uinuke, wewe unaanza, hata kama kifua chako kinajaza mlango.

Na baada ya mazoezi ilikuja chai ya tangawizi, wote kwenye mkeka ule ule. Kikombe cha kwanza hakikwenda kwa mwenye nguvu, wala kwa mwenye umri mkubwa, wala kwa Papa Sefu mwenyewe. Kilikwenda kwa yule aliyeanza siku hiyo. Mimi nilikipokea nikiwa na miaka ishirini na mitano, nikaona haya, nikamuuliza kwa nini.

"Bale bengine banajua njia," alisema. "Weye njo ungali na safari mulefu. Kunywa."

Miaka michache baadaye alinipa kazi ya kuandikia watu programu za mazoezi. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka natafuta pa kuangalia.

Alikuja kijana mmoja kutoka chuo kikuu, kule Kasapa, mwaka wa kwanza, mwembamba, shati limemtoka mabegani. Jina lake Ilunga. Ilikuwa Ijumaa na Papa Sefu alikuwa msikitini.

"Kochi, mi niko na mbio," akaniambia; kochi ni kocha, ndivyo walivyoniita. "Mu myezi mbili nataka kifua."

Mtihani wa mkeka niliuruka. Niliona ni mambo ya wazee. Nikachukua biki nikamwandikia programu nzuri kabisa, siku sita kwa wiki, kifua leo, mgongo kesho, mabega keshokutwa, imejaa ukurasa. Ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa yangu mwenyewe, niliyokuwa nafanya mwaka ule baada ya kuzoea vyuma kwa muda mrefu.

Kosa la pili lilikuwa ukutani, kwenye disiki. Disiki za Papa Sefu hazikuwa na namba. Yeye alizijua kwa sura, kama mtu anavyojua mbuzi wake. Mimi nikaona tuwe wa kisasa, nikanunua rangi nyeupe, nikawa nabeba kila disiki kwa mkono, naipima hivi hewani, naamua: hii kilo kumi, hii kumi na tano, hii ishirini. Mkono wangu niliuamini kuliko mizani ya sokoni.

Wiki ya pili Ilunga aliinua bara, ule mti wa chuma wa kupachika disiki, juu ya kichwa. Huku disiki ya kumi, huku disiki ya kumi. Bara ikaanza kulala upande mmoja. Mwenye uzoefu angeiachia ianguke. Yeye anaanza, hajui kwamba kuachia kunaruhusiwa, akajipinda kuiokoa, na nikasikia akiguna kwa sauti ambayo si ya mtu anayefanya mazoezi. Alianguka ubavu. Tulipojaribu kumnyoosha mgongo, haukukubali.

Papa Sefu aliporudi hakupiga kelele. Ningependa apige. Alichukua ile karatasi, akaisoma yote polepole.

"Iyi programu iko ya nani?"

"Ya mi," nikasema.

"Na ile namba, nani aliipima?"

"Mukono yangu."

Akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwangu. Kesho yake nilipakia disiki zote kwenye mkokoteni nikazisukuma hadi sokoni, kwa mama mmoja muuza unga mwenye mizani kubwa, maana hiyo ndiyo amri niliyopewa. Yule mama aliangalia vyuma, akaniangalia.

"Kochi, ile bukari yako inaivaka saa ngapi?"

Bukari ni ugali; wateja wake walicheka wakashikana. Nikapima moja moja mbele yao. Kumi yangu moja ilikuwa saba na kitu. Kumi yangu nyingine ilikuwa karibu kumi na tatu. Nilifuta rangi zote pale pale na kuandika upya, na tangu siku hiyo sijawahi kumpa mtu chuma ambacho sijakipima. Hata ninyi, mkifanya mazoezi nyumbani na bido za maji, yaani madumu, au ndoo za saruji, pimeni. Mkono ni mwongo, hasa mkono unaojisifu.

Amri ya pili ilikuwa terimosi. Kila siku jioni, kazi ikiisha, nipeleke chai Kasapa kwa Ilunga. Nilikwenda na baiskeli, terimosi imefungwa nyuma kwa mpira. Siku za kwanza alikunywa ameangalia ukuta, akanirudishia kikombe bila kugeuka. Nilistahili. Njiani nikirudi nilikuwa nafikiri jambo moja tu, je, kama hatatembea sawa tena? Nilikuwa tayari kuacha kazi. Nilipomwambia, Papa Sefu akanijibu kwamba kuacha naweza, ila nimalize kwanza kupeleka chai.

Wiki ya pili Ilunga aliniomba nimshike mkono asimame. Tukafika mlangoni. Siku nyingine tukafika kwenye ngazi, halafu kwenye mti wa nje, halafu uwanja wa mpira. Siku moja, tukiwa tumekaa kwenye nyasi, akaniuliza, "Kochi, mugongo inaponaka namna gani?"

Sikujua. Nikamwambia sijui.

"Basi ntatafuta mwenyewe," akasema.

Na akatafuta kweli. Alibadilisha masomo, na leo ni kine, mtu wa kunyoosha viungo na kurudisha watu kwenye miguu yao, ana mvi na miwani. Lakini kabla ya hayo alirudi sale. Papa Sefu akatandika mkeka. Ilunga akakaa, akasimama kwa kuweka mkono, akapewa kikombe cha kwanza na mti wa balai, yaani mpini wa ufagio. Nilikaa karibu naye siku ile kwa furaha. Nashukuru mpaka leo kwamba alirudi. Wengi tunaowaumiza hawarudi.

Sasa nisikilizeni kuhusu huo mti wa balai, maana ndio kazi yenyewe.

Programu ya anayeanza inaanza na swali: unataka mwili wako ufanye nini? Mtu akiniambia anataka kuwa kama yule wa kwenye picha, namuuliza kama wana mama mmoja. Lakini yule aliyesema anataka kupanda ngazi za kazini bila kupumzika katikati, nilimwandikia kabla hajamaliza kufunga viatu. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na katikati siku ya kupumzika. Najua simu inasema sita. Simu haina mgongo. Kila siku kati ya hizo tatu fanya mambo yale yale: kuchuchumaa na kusimama, kusukuma, kuvuta, kuinua kitu kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, na mwisho kubeba kitu ukitembea nacho. Kama pompe za chini, za kujisukuma kwa mikono, zinakushinda, sukuma ukuta, na ukuta ukizoeleka, sukuma meza. Mara nane au kumi, pumzika hadi pumzi irudi, rudia mara moja tu, nenda nyumbani. Wiki mbili za kwanza sisi tulitumia balai badala ya bara. Vijana wenye maringo waliona aibu kushika balai, na Papa Sefu aliwaambia wakiona aibu sana wanaweza kufagia nayo, uwanja una majani.

Kitu kigumu kuliko vyote ni kuacha. Papa Sefu alisema uache wakati mara mbili zingali ndani yako. Maana yake, unamaliza huku unajua ungeweza kufanya mbili tena, na huzifanyi. Hilo nimelifundisha maelfu ya mara, na mtaona chini hapa nililitii vipi.

Nunua kaye, daftari la kawaida, andika ulichofanya. Ukiongeza uzito, usiongeze hesabu siku hiyo hiyo. Kesho yake ukishuka ngazi kama bata kwa sababu mapaja yanauma, hayo ni ya kawaida, yanaondoka. Yanayochoma kwenye kiungo papo hapo, weka chini ulichoshika, usimalizie hata moja. Usije na njaa ya tangu asubuhi, nimeokota watu sakafuni. Na kunywa maji. Mimi nilikataza watu maji wakati wa mazoezi kwa miaka mingi, nikisema yanalegeza misuli. Nani aliniambia? Hakuna. Ni Ilunga, akiwa na vitabu vyake tayari, aliyeniuliza mbele ya watu niliyasoma wapi, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Basi, niliporudi kutoka kilioni siku ya saba nilimpigia yeye simu.

"Ilunga, niko na siku makumi tatu na tatu."

"Za kufanya nini, Kochi?"

"Za kuikala pa mukeka na kusimama. Bila mikono."

Alikuja Kasungami Jumamosi, akasoma karatasi za hospitali, akampigia daktari aliyenipasua kuuliza kama nyonga ile inaruhusiwa kushuka chini. Kisha akanivutia kiti cha jikoni. Nikae, nisimame. Aliegemea mlango akiniangalia, na nilijua aliiga nani. Akachana ukurasa wa kaye akaandika: kusimama kutoka kitini mara tano, pumzika, tano nyingine, kuinua mguu pembeni ukishika meza, siku tatu kwa wiki, kila siku kutembea hadi barabarani na kurudi. Wiki ya tatu, tukijaliwa, kiti kifupi zaidi.

"Tano?" nikasema. "Mi nalifundisha bantu miaka makumi tatu."

"Kochi, iyi programu iko ya nani?"

"Ya mi."

"Ya weye wa leo, ao ya weye wa zamani?"

Mama Odette alitoka nje akajifanya anaanika nguo.

Nilifuata wiki nzima. Wiki ya pili nikaanza kuhesabu siku zilizobaki na nikaona tano hazitanifikisha. Nikawa napeleka kiti nyuma ya migomba, nikafanya kumi, kesho yake ishirini, na siku ya kupumzika sikupumzika. Nilikuwa natoka jasho, nikajiona mwanamume. Siku ya tatu nyonga ilivimba na sikuweza kushuka kitandani. Mimi. Baada ya kuwafundisha watu wote wale.

Mama Odette alimpigia Ilunga bila kuniuliza. Nilimsikia akiingia, nikajiandaa kwa maneno. Aliketi kando ya kitanda, akafungua begi lake, akatoa terimosi.

Nilikunywa nimeangalia ukuta. Machozi yalinitoka na sikujali kama anaona. Alikuja hivyo siku nne mfululizo, baada ya kazi yake, njia yote ile ya vumbi, na ya nne alinisimamisha hadi mlangoni.

"Bila mikono haitawezekana pa arobaini," akaniambia. "Na mukono moja, pengine. Ukifanya tano."

Nikafanya tano. Kwenye kiti, kisha kwenye kigoda, kisha kwenye mto uliowekwa sakafuni, Mama Odette amesimama karibu na kijiko cha bukari mkononi, hesabu akihesabu yeye kwa sauti ili nisiibe.

Siku ya kisomo, uani kwa Papa Sefu palikuwa pamejaa. Vyuma vimepangwa ukutani, namba zangu nyeupe bado zinasomeka. Kijana mmoja wa familia aliniletea kiti cha plastiki, nikamshukuru, nikampa Ilunga aweke juu yake begi lake. Nikashuka polepole, nikakaa kwenye mkeka, goti langu likagusa goti la mwenzangu. Sikusikia mengi ya kisomo. Nilikuwa nafikiria kuinuka.

Kisha mwanawe mkubwa akasema mwenye neno juu ya marehemu asimame aseme. Watu wakanitazama mimi. Nilikunja mguu ule ulio mzima, nikavuta pumzi, nikajaribu kwanza bila mkono, nitasema ukweli. Haikukubali. Nikaweka kiganja chini kwenye mkeka, mbele ya wanaume wote niliowahi kuwaambia kwamba anayeweka mkono anaanza, nikasukuma, nikasimama. Hakuna aliyenishika.

Nilikuwa nimetayarisha maneno marefu. Yote yalipotea. Nikasema, "Papa Sefu, aksanti. Ulinipa kazi, na siku naliharibu, ukanipa terimosi." Wengine hawakuelewa. Ilunga alivua miwani akaifuta kwa shati.

Chai ilipokuja, Mama Zaina, mjane wa Papa Sefu, alibeba sinia mwenyewe. Watu walingoja aanze kwa shehe, kama inavyostahili. Alifika mbele ya shehe, akamwomba radhi kwa sauti ndogo, akampita. Akawapita wazee wote wa mstari wa mbele. Akasimama mbele yangu.

"Ule mukono naliuona," akasema. "Na ye angeuona. Kamata, ya kwanza iko ya weye."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Tangawizi ilikuwa nyingi na ilichoma koo vile vile kama siku ile nina miaka ishirini na mitano.

Kesho yake, nyumbani Kasungami, nilivuta kiti cha jikoni nikasimama mara tano, nikapumzika, nikasimama tano nyingine. Ya sita nilikuwa nayo, nikaiacha.